Somo la 14: Siku Mbili za Kambi na Ndege katika Pwani ya Ghuba

Kabla ya kusoma

Mwulize jirani yako darasani: Je, unawafahamu ndege gani kwa majina? Ni nani kati yao rafiki wa mkulima, na nani adui yake? Andikeni majina hayo ubaoni. Kisha someni habari hii. Someni polepole. Hakuna anayewakimbiza.

1. Swali la mzee

Siku moja nilitembelea darasa la kisomo katika bonde la mpunga. Niliwaeleza wanakisomo kwamba ziko nchi ambako watu hufunga safari ndefu na kulala katika hema ili watazame ndege tu. Darasa zima likacheka. Mzee mmoja hakucheka. Alisimama akasema:

"Mwalimu, msimu uliopita kwelea kwelea walinimalizia mpunga wa nusu eka kwa siku 3. Tulipowapeleka watoto kuamia, tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Sisi tunapoteza sauti kwa kuwafukuza ndege. Hao wenzetu wanapoteza nauli kwa kwenda kuwatazama. Je, wana akili kweli?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, swali lako ni zito. Sitalijibu leo. Nipe muda niliandikie somo."

Somo lenyewe ndilo hili. Twende pamoja kwa njia ya kusoma. Nauli ya safari hii ni herufi ulizojifunza.

2. Mahali tunapokwenda

Ukitazama ramani ya dunia, utaona bahari kubwa upande wa magharibi wa Afrika. Ng'ambo ya bahari hiyo ni bara la Amerika. Kusini mwa nchi ya Marekani, bahari imeingia ndani na kuzungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Sehemu hiyo ya bahari huitwa Ghuba ya Meksiko. Upande wa kaskazini wa ghuba ni Marekani. Magharibi na kusini ni Meksiko. Kwenye mlango wake kuna kisiwa cha Kuba.

Majimbo 5 ya Marekani yanapakana na ghuba hii: Texas, Louisiana, Mississippi, Alabama na Florida. Sisi tutashuka Texas. Jimbo hilo ni kubwa sana, lakini Tanzania ni kubwa zaidi.

Pwani ya Texas ni tambarare. Mbele yake baharini kuna visiwa virefu vya mchanga. Visiwa hivyo huyazuia mawimbi makubwa. Nyuma ya visiwa maji ni matulivu na ya kina kifupi. Mito huleta maji baridi kutoka bara, yakachanganyika na maji ya chumvi. Hapo huota majani ya kinamasi, na humo huzaliana kaa, kamba na samaki. Mtu anayeishi kwenye delta ya Rufiji ataelewa jambo hili upesi. Panapokutana mto na bahari, chakula ni kingi. Penye chakula kingi, ndege hawakosi.

Tutafika kwenye mji mdogo wa Rockport. Kaskazini yake kuna hifadhi ya jimbo iitwayo Goose Island. Mgeni hulipa ada langoni, kisha huonyeshwa mahali pa kupiga hema.

3. Kupiga kambi

Tuseme tumefika mwezi wa Desemba, saa 10 jioni. Huu ni wakati wa baridi huko. Upepo wa kaskazini unaweza kuvuma na kuleta ubaridi wa ghafla. Kwa hiyo mablangeti ni lazima. Tufanye kazi kwa mpango:

Kwanza, tuchague mahali palipoinuka kidogo. Mvua ikinyesha, maji yasiingie ndani ya hema.

Pili, tuukingie upepo mgongo. Mlango wa hema usielekee upande unakotoka upepo.

Tatu, chakula chote kiwe ndani ya sanduku lenye kifuniko. Huko kuna mnyama mdogo aitwaye rakuni. Uso wake una weusi kama aliyejifunga kitambaa machoni, na vidole vyake ni vyepesi kama vya mwizi. Usiku huja kufungua vyungu vya watu.

Nne, moto uwashwe mahali palipotengwa tu. Kabla ya kulala uzimwe kwa maji.

Tano, mlango wa hema ufungwe. Hata Marekani mbu wapo.

Karibu na hapo kuna mti aina ya mwaloni ambao wenyeji huuita Mti Mkubwa. Unakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Tarehe 25 Agosti, 2017 kimbunga kilichoitwa Harvey kiliipiga pwani hii. Nyumba nyingi za Rockport zilibomoka. Mti Mkubwa ulibaki umesimama. Tuupite, tuusalimu, kisha tulale. Kesho tutaamka mapema.

4. Korongo mweupe

Alfajiri tunakwenda kwenye mashamba na vinamasi vya jirani. Hatupandi ua wa mtu. Tunasimama barabarani na darubini zetu. Hatupigi kelele.

Sasa tazama kule kwenye majani. Wako ndege 3, warefu, weupe. Hao ni korongo weupe wa Amerika. Korongo mzima hufikia kimo cha meta 1 na nusu, yaani anamfika mtu mabegani. Hakuna ndege mrefu kuliko yeye katika Amerika ya Kaskazini. Ncha za mabawa yake ni nyeusi, na utosini ana wekundu. Sauti yake husikika mbali sana, mithili ya baragumu. Jina lake kwa lugha ya huko limetokana na sauti hiyo.

Yule wa tatu ana manyoya ya kahawia. Ni mtoto wao. Korongo hawa kwa kawaida hutaga mayai 2, lakini mara nyingi hulea mtoto 1 tu. Tazama baba anavyonyanyua kichwa huku mama na mtoto wakila. Wanakula kaa. Kila familia ina sehemu yake ya kinamasi, na mgeni akiingia hufukuzwa. Hata korongo wana mipaka ya mashamba.

Ndege hawa hawakuzaliwa hapa. Kila mwaka husafiri kiasi cha kilometa 4,000 kutoka kaskazini ya Kanada. Hukimbia barafu. Hufika pwani ya Texas kuanzia mwezi wa Oktoba, na hurudi kuzaa mwezi wa Machi na Aprili.

Zamani korongo hawa walikuwa wengi zaidi. Watu wakawapiga risasi. Wakulima wakakausha vinamasi ili walime. Mwaka 1937 serikali ya Marekani ilitenga hifadhi ya Aransas katika pwani hii ili kuwalinda ndege wa majini. Hata hivyo, mwaka 1941 kundi hili lilibaki na korongo wasiozidi 16.

Hebu fikiri. Ndege 16 wanaweza kusimama ndani ya darasa letu. Dhoruba moja, au ugonjwa mmoja, ungewamaliza.

Tena hakuna aliyejua mahali wanapozalia. Watu waliwatafuta kwa miaka mingi. Mwaka 1954 watu waliokuwa ndani ya helikopta, wakirudi kutoka kwenye moto wa msitu, waliwaona chini pamoja na kifaranga. Mahali hapo palikuwa ndani ya hifadhi ya Wood Buffalo, huko Kanada. Basi zikajulikana nyumba zao mbili: nyumba ya kuzalia na nyumba ya baridi.

Sheria ya kuwalinda ndege wanaohama ilikuwapo tangu mwaka 1918. Sheria hiyo ilitokana na mapatano ya mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyotia sahihi kwa niaba ya Kanada. Mapatano yalihitajika kwa sababu ndege hana pasipoti. Ukimlinda wewe na jirani yako akamwua, kazi yako ni bure.

Leo kundi hili lina korongo zaidi ya 500. Imechukua zaidi ya miaka 80.

5. Mama wa madaftari

Sasa turudi mjini Rockport. Nataka kukueleza habari za mwanamke mmoja. Jina lake ni Connie Hagar.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1886. Mwaka 1935 yeye na mumewe walihamia Rockport, wakaendesha nyumba ndogondogo za kupangisha wageni. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu aliyependa ndege, naye alikuwa na daftari.

Kila siku alizunguka njia zilezile, asubuhi na tena baadaye mchana. Akirudi aliandika: leo nimemwona ndege fulani, mahali fulani, idadi yao kadhaa. Kesho yake vilevile. Mwaka ukapita. Miaka ikapita.

Aliandika habari za ndege ambao wataalamu hawakuamini kwamba wanafika Rockport. Wengine walidhani mama huyu amekosea. Wakaja wenyewe kuhakikisha. Mama akawachukua kwenye njia zake akawaonyesha. Ndege walikuwapo kama alivyoandika.

Tazama jambo moja. Kila mwezi wa Septemba, ndege wadogo sana hupita Rockport wakielekea kusini. Ndege hao hunyonya utamu wa maua, kama chozi wetu, na uzito wao ni kiasi cha gramu 3 tu. Watu wa mji walikuwa wakipita chini yao kila mwaka. Mama Hagar aliwaona, akawaandika, na ndivyo habari zao zilivyoenea. Siku hizi mji huo hufanya sherehe ya ndege hao kila mwaka, na wageni wanaokuja huacha fedha zao katika maduka na nyumba za kulala.

Mama Hagar alifariki mwaka 1973. Kiwanja cha nyumba zake za wageni kimehifadhiwa kwa ajili ya ndege mpaka leo.

Wala si yeye peke yake. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900, watu 27 katika Marekani na Kanada walianza desturi ya kuhesabu ndege. Kabla ya hapo, watu wengine walikuwa na desturi ya kushindana kuua ndege na wanyama wengi siku hiyo. Hao 27 walisema: mwaka huu tuhesabu, tusiue. Desturi hiyo ingali inaendelea kila mwaka, kuanzia tarehe 14 Desemba mpaka tarehe 5 Januari. Wanaohesabu wengi ni watu wa kawaida. Kwa hesabu zao inajulikana ni ndege gani wanaongezeka na ni gani wanaopungua.

6. Maji ni ya nani?

Usidhani mambo yote huko ni shwari. Kumbuka kwamba korongo hula kaa, na kaa hawa huhitaji maji ya mto yachanganyike na ya bahari. Mito hiyo ndiyo inayotumiwa pia na miji, viwanda na mashamba ya bara.

Katika msimu wa baridi wa mwaka 2008 na 2009 palikuwa na ukame mkubwa. Maji ya mito yaliyofika pwani yalikuwa machache. Kaa wakapungua, na baadhi ya korongo wakafa. Waliowatetea korongo wakaenda mahakamani kuwashitaki wakuu wa jimbo waliosimamia ugawaji wa maji. Mwaka 2013 hakimu aliwapa ushindi. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ilisema haikuthibitika kwamba ugawaji wa maji ndio uliosababisha vifo hivyo.

Habari hii si ngeni kwetu. Mto Ruaha Mkuu, tangu mwaka 1993, umekuwa ukikauka sehemu fulani wakati wa kiangazi. Mkulima wa mpunga anahitaji maji. Mfugaji anayahitaji. Kiboko na korongo wanayahitaji. Hata umeme wa bwawa la Mtera unayahitaji. Kila mmoja ana haki ya kusema. Lakini atakayesikilizwa vizuri ni yule anayeweza kusema: tarehe fulani mfereji ulikauka, na tarehe fulani maji yakarudi. Maneno matupu hubishaniwa. Tarehe iliyoandikwa siku ileile ni shahidi.

7. Jibu kwa mzee

Nililirudisha somo hili darasani, tukalisoma pamoja. Kisha nikamgeukia yule mzee.

"Mzee wangu," nilisema, "uliuliza kama watu wanaotazama ndege wana akili. Mama Hagar alijua tarehe ambayo ndege wake hufika. Je, wewe unajua tarehe ambayo kwelea kwelea hufika shambani kwako?"

Mzee akafikiri. "Hufika mpunga unapoanza kutia maziwa," alisema.

"Msimu uliopita ilikuwa tarehe ngapi?"

"Sikuandika."

"Na msimu wa kabla ya huo?"

Mzee alinyamaza. Kisha alisema, "Mwalimu, daftari halifukuzi ndege."

Alisema kweli, na sikumbishia. Wa kuwafukuza ni watu, tena watu wengi, kwa siku nyingi. Lakini watu hao lazima wawe shambani kabla ndege hawajatua.

Ndipo mama mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Alisema kwamba tangu alipojua kuandika, misimu 3 sasa, amekuwa akiandika kwa mkaa kwenye mlango wa ghala lake. Huandika siku aliyopanda, siku mpunga ulipotia maziwa, na siku kwelea kwelea walipofika. Hakufikiri kwamba ni jambo la kusema darasani. Alizikumbuka tarehe hizo, akazitaja. Misimu yote 3, ndege walikuja si zaidi ya siku 5 baada ya maziwa kuonekana.

Darasa halikucheka safari hii.

Yule mzee akavuta daftari lake karibu. "Mama," alisema, "zitaje tena hizo tarehe. Polepole."

Maneno ya kujifunza

Ghuba: sehemu ya bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu.
Kinamasi: mahali penye maji na matope, panapoota majani.
Darubini: chombo cha kutazamia vitu vilivyo mbali ili vionekane karibu.
Kuamia: kulinda nafaka shambani zisiliwe na ndege.
Kuhama: kutoka mahali na kwenda kukaa mahali pengine.
Kutengua hukumu: kuifuta hukumu iliyokwisha kutolewa.

Maswali

1. Majimbo gani 5 ya Marekani yanapakana na Ghuba ya Meksiko?
2. Kwa nini chakula hukaa ndani ya sanduku kambini?
3. Korongo weupe huzalia wapi? Hukimbia nini?
4. Kwa nini Marekani ilihitaji kupatana na nchi nyingine juu ya ndege?
5. Wataalamu walifanya nini walipokuwa na shaka juu ya maandishi ya Mama Hagar?

Hesabu

1. Mwaka 1941 korongo walikuwa 16. Tuseme leo ni 500. Wameongezeka wangapi?
2. Kwelea kwelea 1 anaweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 1,000,000 litakula kilo ngapi kwa siku? Hizo ni tani ngapi?

Majadiliano

Katika kijiji chenu, nani hutumia maji ya mto au ya mfereji? Maji yakipungua, nani hukatiwa kwanza? Je, ni haki? Kila mmoja aseme, na mwingine asimkatize.

Kazi ya kufanya nyumbani

Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Piga mistari upate safu 4. Juu ya safu hizo andika: Tarehe, Nilichokiona, Mahali, Idadi. Kwa muda wa siku 14 andika habari za ndege wa shambani kwako. Usingoje mpaka uone ndege wa ajabu. Andika hata siku ambayo hukuona ndege yeyote, kwa sababu hiyo nayo ni habari. Kisha lete daftari darasani tulinganishe.

Majibu ya hesabu: 1. Korongo 484. 2. Kilo 10,000, yaani tani 10.